Gari la Murimi na Kikombe cha Uji

Ijumaa iliyopita nilikabidhi sanduku la spana. Nilizihesabu mbele ya vijana, nikazihesabu tena, na mara zote mbili ikakosekana namba kumi na tatu. Wakaanza kutazamana kama watu waliokutwa na sufuria tupu. Nikawaacha wateseke kidogo, kisha nikaitoa mfukoni mwa ovaroli yangu. Hotuba yangu ya kuaga ilikuwa hiyo: spana namba kumi na tatu haipotei, huwa iko na mtu. Yaliyobaki nayaandika hapa kwa ajili yenu mnaoingia katika kazi hii ya kuhudumia magari ya mbio. Nimeona mnaijua kompyuta ya injini kuliko mnavyojua kubisha hodi, na mimi miaka yangu yote nimekula kwa hodi.

Vyeo sitavitaja. Nilikuwa na kimoja tu, Mama Saidi, na hicho alinipa mwanangu siku aliyozaliwa.

Nililelewa Majengo, Nyeri, karibu na msikiti, katika chumba cha kupanga chenye ukuta mwembamba hivi kwamba jirani akigeuka kitandani na sisi tunageuka. Mama yangu alikuwa na kibanda cha vipuri vikuukuu. Bolti zilikaa kwenye mikebe, bushi za mpira zilining'inia kwenye kamba kama mishikaki, na balbu za taa zililala ndani ya soksi. Alinifundisha kwamba bei ni kama mgeni: mwache aanze kubisha mwenyewe. Alinifundisha pia kumnusa muuzaji. Mtu akikuletea gia boksi isiyo na kelele hata kidogo, ifungue utazame ndani. Kuna wajuzi wanaoshindilia ndizi humo, meno yakasagana kimya kimya mpaka mnunuzi afike Karatina. Ndizi moja tu, halafu gari linaimba kama jipya kwa siku nzima. Nimefungua gia boksi nyingi maishani, na mpaka leo sili ndizi bila kuikagua.

Murimi aliingia kibandani kwetu asubuhi moja ya mvua, kijana mrefu mwenye matope hadi magotini. Alikuwa akiendesha pikapu ya kubeba majani mabichi ya chai huko kwao Kianyaga, na shoki ya nyuma ilikuwa imekatika.

"Mama, hii shoki ni ngapi?"

"Inategemea. Unaitaka, au unaiuliza?"

"Naitaka sana. Wacha nikuambie ukweli, bila hii siwezi rudi nyumbani."

Mteja akishakuambia hivyo, biashara imekwisha. Unaweza kumuuzia hata kivuli cha shoki. Lakini uso wake ulikuwa na nia safi kiasi kwamba nilimwonea huruma. Nikamwambia, "Toka nje, uingie tena. Safari hii useme umeona nyingine kwa jirani."

Akatoka. Akasimama kidogo kwenye mvua, akarudi. "Hodi. Nimeona ingine kwa jirani, lakini yako ndiyo mzuri zaidi."

Mpaka leo hajajifunza.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na gereji ya wazi ya Mzee Kariuki, fundi aliyenifunza nusu ya kazi niliyokuwa sijafunzwa na mama. Hakuwa mtu wa maneno. Injini aliisikiliza kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, macho yamefumbwa kama mtu anayepokea habari za msiba. Tangi la petroli likivuja njiani, alilisugua kwa mche wa sabuni mpaka tundu likanyamaza. Vipande vya tyubu kuukuu havikumwisha mfukoni. Madereva aliwapima kwa kunusa magurudumu yao. Gari likiingia, aliinama kwenye kila gurudumu akavuta pumzi. Breki zilizochomwa zina harufu yake, na mtu anayechoma breki, kwa hesabu za Mzee, alikuwa haendeshi bali anabishana na barabara.

Siku ile aliinama kwenye pikapu ya Murimi. Akanusa gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Akarudi akanusa tena la kwanza.

"Umeshuka na mzigo?" akamuuliza.

"Ndiyo, Mzee. Majani iko nyuma. Imejaa."

"Na mvua hii yote?"

"Majani ukiyabana yanapata joto, yanaharibika. Sasa mimi nabembeleza tu."

Mzee akanitazama. "Mama Saidi, huyu usimwache aende hivi hivi."

Ndivyo nilivyoingia kwenye mbio za magari. Wengine huingia kwa kupenda mwendo. Mimi niliingia kwa sababu fundi mmoja alinusa magurudumu na hakusikia harufu.

Mwaka wa kwanza tulikuwa watu wanne na gari la kuazima. Murimi usukani, Wachira, jamaa wa Othaya mwenye sauti ya mhubiri, kando yake akimsomea kona zinazokuja, Mzee Kariuki chini ya gari, na mimi popote palipohitaji mdomo. Nilinunua vipuri, nikaomba maji, nikaomba njia, nikaomba radhi. Hamtaelewa kazi hii mpaka mjue kwamba gari la mbio hupita mahali kwa dakika moja, lakini watu wa mahali hapo wanabaki. Mtu wenu lazima abaki nao kidogo.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa Nanyuki, wakati wa vumbi. Springi ya nyuma ilivunjika, na duka lenye springi kama hiyo lilikuwa limefungwa. Kando ya barabara palisimama lori la mfanyabiashara wa mifugo, mzee wa kofia ya kitambaa, akiwapakia ng'ombe. Chini ya lori lake niliiona springi niliyoitaka, imefungwa kwa waya kama akiba. Sikuigusa habari ya springi. Nilimsalimu kwa salamu ya dini, nikamuuliza mvua huko kwao, nikamuuliza ng'ombe, nikamuuliza wajukuu mmoja mmoja. Wachira alikuwa nyuma yangu akiruka ruka kama mtu aliyekanyaga siafu.

"Mama Saidi, tunachelewa!"

"Nyamaza. Ndiyo kwanza tumefika kwa mtoto wake wa pili."

Yule mzee wa ng'ombe alicheka. Akasema, "Mwanangu, tangu umeanza kuuliza wajukuu wangu macho yako iko chini ya lori. Chukua. Utarudisha tukionana." Tulionana miezi mingi baadaye, nikamrudishia springi mpya na mche wa sabuni juu yake. Shikeni hilo: salamu si njia ya kupoteza wakati. Nyinyi mnaona ni upotevu kwa sababu hamjawahi kuhitaji springi.

Murimi alianza kuonekana. Si kwa nyanda za Laikipia. Huko barabara ni pana na ndefu, na mwenye injini kubwa anakupita akikupungia mkono. Lakini wakimpeleka kwenye miteremko ya chai, udongo mwekundu, mvua ikinyesha, mkono wake ulikuwa mwingine kabisa. Wenzake walipigana na matope. Yeye aliyabembeleza kama vile bado amebeba majani yanayoweza kupata joto. Nimesimama kwenye kona nyingi nikitazama magari mengi, na gari lake ndilo pekee lililopita bila mimi kutaka kufumba macho.

Ndipo akatokea Bwana Mwirigi, mwenye hoteli mjini Nanyuki. Alikuwa na gari zuri la mbio alilolinunua kwa mtu aliyechoka, na alitaka dereva atakayelipeleka jina la hoteli kwenye magazeti. Akampa Murimi msimu mmoja. Gari lilikuwa na tabia ya kuchemsha maji kwenye kila mlima, tukaliita Birika. Masharti ya Mwirigi yalikuwa mafupi. Mwisho wa msimu kuna mbio za nyumbani, za kuuzunguka mlima. "Ukimaliza ndani ya watatu wa kwanza, Birika linabaki na wewe. Ukikosa, nampa dereva mwingine, na wewe utarudi kwa majani yako."

Nilijaribu kumtoa kwenye watatu nimfikishe kwenye watano. Haikuwezekana. Kuna watu ambao neno lao ni kama bei ya hotelini, limebandikwa ukutani, na hata ukilikuna kwa kucha halitoki.

Kwa hiyo kila kitu kikaegemea mkondo mmoja wa mbio zile, mteremko wa chai wa Kianyaga. Pale ndipo Murimi angepata nafasi ambayo Laikipia ingemnyima. Na wiki chache kabla, mvua ikakata barabara ya mteremko ule kwenye kona moja. Waandalizi wakatembea juu na chini wakaona njia ya kuzunguka ni moja tu: kupitia uani kwa mama mmoja mzee, kati ya jiko lake na chai yake. Walishamwendea mara mbili na bahasha. Mara mbili aliwarudishia na viazi vitamu vya njiani. Mkondo ukawa karibu kufutwa, ndipo wakaniita mimi.

Mama huyo, Cucu Wangechi, kama wanavyowaita nyanya huko, nilimkuta amekaa kwenye kigoda akichambua maharagwe. Nikabisha, nikasalimu, nikachambua naye maharagwe mpaka kikapu kikafika nusu. Halafu nikasema shida yangu.

"Wale wengine waliniambia," akasema. "Ati magari ipite hapa kwangu, moja moja, kama upepo."

"Ndiyo, Cucu. Ukuta ukiguswa tunaujenga. Chai ikikanyagwa tunalipa."

"Sijakataa ukuta. Nasema hivi: mtu akikata boma ya mtu bila kusimama, huyo ni mwizi ama amebeba maiti. Nyinyi mmebeba maiti?"

"Hapana, Cucu."

"Basi wasimame, wakule."

"Cucu, ni magari ishirini na manne."

"Niko na sufuria."

Hapo nikajua nimekutana na mwenzangu. Nikavuta kigoda karibu. Nikamweleza kwamba kila mmoja akisimama kula, wa mwisho atapita kesho yake na majirani watadhani ni harusi. Akafikiri. Akashuka hadi kumi. Nikamwambia magari yanafuatana, la mbele likisimama la nyuma linaligonga. Akashuka hadi matatu. Nikasifu maharagwe. Akashuka hadi moja: mmoja asimame, ale kwa niaba ya wote.

Sasa nikashika chakula chenyewe. Alitaka githeri, mahindi na maharagwe, nikasema dereva amevaa helmeti. Akasema aivue; nikasema ikivuliwa haivaliki upesi. Tukafika kwenye uji. Kibuyu kizima nikakishusha kuwa kikombe. Uji wa moto nikaupoza kuwa wa vuguvugu. Kuketi nikakubadilisha kuwa kusimama, na kusimama nikakubadilisha kuwa kupokea kupitia dirishani. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Akanimiminia kikombe changu, nikakinywa chote kwa furaha ya ushindi.

"Umekunywa," akasema.

"Nimekunywa, Cucu. Mtamu."

"Basi umekubali. Huku kwetu aliyekunywa amekubali. Na huyo mmoja atakuwa huyu kijana wa Kianyaga, Murimi. Hao wengine sijui kwao."

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu. Nilikuwa nimewaokoa madereva ishirini na watatu wa watu wengine, nikambakisha mmoja, na huyo mmoja alikuwa wangu.

Njiani nilifikiri namna ya kumwambia Murimi. Hakukasirika. Alisema tu, "Kikombe kubwa ama kidogo?" Wachira ndiye aliyeshika kichwa. Mzee Kariuki akauliza kama uji una sukari, kwa sababu wa sukari hunata kwenye kamba ya helmeti. Tukakagua kitabu cha sheria kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo. Kilikataza dereva kusaidiwa kutengeneza gari katikati ya mkondo. Juu ya uji kilikuwa kimya.

Basi tukafanya mazoezi. Kama mngepita gerejini Nyeri siku zile mngedhani tumerukwa na akili. Murimi amefungwa mikanda, helmeti kichwani. Mimi dirishani na kikombe. Mara ya kwanza uji ulimwingia shingoni. Mara ya pili ulimwingia Wachira. Tukajaribu mrija, uji ukakwama humo. Mwishowe Mzee Kariuki alikata kipande cha bomba la rejeta, akakiosha kwa maji ya moto, na kupitia hicho kikombe kiliisha kwa pumzi mbili. Tulipiga makofi. Nikapiga hesabu ya muda utakaopotea, nikaipiga tena, nikaona bado tunaweza kumaliza ndani ya watatu.

Siku ya mbio mvua ilinyesha kama ilivyokuwa imeitwa. Waandalizi waliniweka langoni kwa Cucu nihakikishe amani. Yeye alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani, na uani palikuwa pamejaa majirani chini ya miavuli. Gari la kwanza likapita polepole kati ya jiko na chai, halafu la pili. Kila likipita, Cucu alilikazia macho na kuuliza, "Huyu ni wa wapi?" Nikisema Nairobi, alitikisa kichwa kwa huruma, kama aliyeambiwa mtu ni mgonjwa.

Tukalisikia Birika kabla hatujaliona. Murimi alikuwa akishuka kama mtu anayemwaga maziwa bila kutoa povu. Mtu wa redio alinambia yuko wa pili kwa muda, wa pili! Akaingia uani, akasimama sawasawa na kigoda, bomba la rejeta tayari mkononi. Nikamsukuma Cucu mgongoni kwa adabu. Akakiinua kikombe, akakifikisha dirishani, kisha akakirudisha kifuani kwake.

"Wewe ni wa nani?"

Nilikuwa nimepatana juu ya chakula, chombo, joto na mahali pa kusimama. Salamu hazikuwa zimetajwa.

"Wa Njogu, Cucu," akasema Murimi ndani ya helmeti.

"Njogu gani?"

"Wa Murimi, babu yangu! Wa kule chini ya kanisa!"

"Murimi yule wa meno, ama yule wa ng'ombe?"

"Wa ng'ombe, Cucu."

"Haiya! Babu yako alinishikia ng'ombe yangu ikizaa! Usiku mzima, mvua kama hii! Na mama yako, ule mguu ulipona?"

Wachira alikuwa akipiga dashibodi kwa ngumi zote mbili. "Umepona! Mwambie umepona! Mguu ni mzuri sana!"

"Bado unamsumbua kidogo wakati wa baridi," akasema Murimi, kwa sababu huyu mtu hajui kusema uongo hata kwa shoki.

"Ajifunge kitambaa ya joto," akasema Cucu. Halafu akaingiza mkono dirishani, akamshika bega, akaanza kumbariki. Akabariki mikono yake, akabariki barabara, akabariki ng'ombe wa babu yake, na kila alipofika kituo majirani wote waliitikia, "Thaai!" yaani na iwe amani. Nami niliitikia. Ungefanya nini? Birika likaanza kutoa mvuke. Ndipo kikombe kikavuka dirisha. Murimi akaliweka bomba kando, akakipokea kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelelewa, akanywa taratibu mpaka mwisho.

"Nashukuru, Cucu."

"Enda sasa. Kwani nani amekushika?"

Jioni mjini Nyeri matokeo yalibandikwa. Nikayahesabu majina kutoka juu kwenda chini, nikayahesabu tena kwa kidole. Mara zote mbili Murimi alikuwa wa nne. Aliyekuwa wa tatu alimpita kwa muda usiotosha hata kuuliza habari za mguu.

Siku iliyofuata tulipeleka Birika Nanyuki. Nilikuwa nimeliosha mwenyewe. Nilimpa Bwana Mwirigi maneno yote niliyokuwa nayo, ya baba na ya mama. Akanisikiliza hadi mwisho, akanyoosha mkono. "Nilisema watatu, Mama. Ufunguo." Murimi akautoa mfukoni, akaufuta kwenye shati, akampa. Njiani kurudi hakulalamika. Ila tulipokaribia Nyeri alisema, "Mama Saidi, nimefikiri sana. Nisingeweza kumpita Cucu bila kumjibu." Nikamwambia najua. Akarudi kwenye pikapu na majani yake, nami nikarudi kwenye mikebe ya bolti, na kwa mara ya kwanza kazi ya kupatana ilinichosha. Niliuza vitu kwa bei niliyoulizwa. Wateja waliogopa.

Msimu mpya ukakaribia. Waandalizi wakaenda Kianyaga na watu wengine kuomba njia tena, maana mimi nilikuwa nimewaambia sipatikani. Wakaanzia chini ya mteremko. Mwenye boma la kwanza akawauliza, "Mwaka huu nani anasimama?" Hawakuelewa. La pili, swali lile lile. Kumbe habari ilikuwa imezunguka kanisani na kwenye kituo cha kupima majani: kuna dereva mmoja alisimama katikati ya mbio, akajibu ni wa nani, akapokea kwa mikono miwili. Mteremko mzima ukasema mlango utafunguliwa huyo akija. Asipokuja, viazi vitamu vipo, wachukue vya njiani.

Waandalizi wakamwendea Bwana Mwirigi, kwa kuwa mkondo ule ulibeba jina la hoteli yake na wageni walikuwa wameshakodi vyumba ili wautazame. Akasema mambo ya wazee huwezi kuwaachia vijana, atakwenda mwenyewe. Ilikuwa siku ya ukungu, baridi ya kukata masikio. Haya nimeyasikia kwa Cucu, na Mwirigi hajayakana. Alifika na hotuba ndefu. Cucu akamwambia mtu haongei na tumbo baridi, akamkaribisha jikoni, akamimina. Mwirigi akanywa, akahisi mwili unarudi, akasema, "Ah! Mama, huu uji! Ongeza kidogo." Akaongezewa. Alipofuta mdomo na kufungua hotuba yake, Cucu akamwambia, "Ya kusema imeisha. Umekunywa. Murimi ataendesha hiyo gari."

"Lakini mimi sijakubali kitu!"

"Kikombe ya kwanza ni mwaka huu. Ya pili umeitisha mwenyewe. Hiyo ni mwaka ule mwingine."

Bwana Mwirigi alisimamisha gari lake mbele ya kibanda chetu Majengo, jambo ambalo halijawahi kutokea. Aliingia bila hodi, akaweka ufunguo wa Birika juu ya mkebe wa nati. "Mpe," akasema. Akageuka kutoka, kisha akarudi. "Yule mama anakunywesha watu hivyo tangu lini?"

"Ulikunywa vikombe vingapi, Bwana?"

Akajifanya anazihesabu nati. Lakini nilikuwa nimeshaambiwa, na nikauliza pale pale mkataba mpya uandikwe wa miaka mingapi. Ikawa miwili.

Mbio zilizofuata sikurudia yale ya salamu. Nilimpeleka Murimi kwa Cucu siku moja kabla. Alikaa jikoni kutwa nzima, akaulizwa ukoo wote, akabarikiwa mpaka mwisho, akala githeri. Kesho yake palibaki kikombe tu, na bomba la rejeta likapata kazi. Alimaliza wa pili, na miaka miwili ikazaa mingine. Liandikeni hilo mahali mnapoliona: salamu hufanywa jana yake. Ameshinda mbio nyingi tangu hapo, Nanyuki, Meru, hata huko mbali ambako hakuna anayemuuliza ni wa nani. Zile za nyumbani hajawahi kuwa wa kwanza, na barabara ilishatengenezwa zamani, hakuna haja tena ya kukatiza uani. Anakatiza. Waandalizi wameacha kuuliza.

Juzi, baada ya kukabidhi spana, Murimi alinipeleka Kianyaga nikaage. Cucu amepungua mwili, macho ni yale yale. Nikabisha, nikasalimu, nikachambua maharagwe. Nikamwambia nimestaafu, sasa atapatana na vijana.

"Aca, hapana," akasema. "Vijana hawajui kushuka bei, wanaruka tu." Akamimina kikombe, akakinyoosha kwangu.

Sikukipokea. Mimi si Mwirigi. "Cucu, hiki ni cha nini?"

"Kunywa kwanza, kinapoa."

Kulikuwa na baridi, na ukungu ulikuwa umefika mlangoni. Murimi alikuwa akitazama dari kama mtu asiyehusika. Nikakitazama kikombe, nikamtazama Cucu, nikakitazama kikombe tena. Nikanywa.

Kwa hiyo mbio zijazo mkifika kwenye mteremko wa Kianyaga mtanikuta langoni, chini ya mwavuli. Kazi niliyoikubali kwa kikombe kile ni kupokea vikombe vitupu. Mrudishe chenu. Nitavihesabu mara mbili.